Maji Yakitolewa Mwilini, Ulizeni Yamekwenda Wapi

Wadau wa nyumbani, nawaandikia kutoka Turffontein, kusini mwa Johannesburg. Najua nimepotea. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa na Mzulu nikasahau hata kuandika. Hapana jamani, ni zamu za usiku tu. Ukitoka kazini saa moja asubuhi na baridi hii ya Julai, ukagombania daladala za huku (wenyewe wanaziita teksi), ukifika nyumbani unachotaka ni chai ya moto na blanketi mbili. Kuandika kunasubiri.

Leo siandiki habari za mbio za farasi hapa mtaani wala bei ya unga. Leo nina jambo zito kidogo, na nawaomba ndugu zangu wa Tukuyu, Mbeya na Dar mlisome mpaka mwisho, hata kama ni refu. Wenye wazazi wasiosoma kwenye simu, wasomeeni.

Wiki iliyopita rafiki yangu wa tangu sekondari alinipigia kutoka Mbeya. Mtoto wa ndugu yake alikuwa amelazwa, kichwa kinauma wiki ya pili, homa haishuki, shingo imeanza kukaza. Madaktari wanataka kumtoa maji mgongoni wakapime. Wazee wamekaa kikao hospitalini, wamekataa. Sababu ni ile ile tunayoijua wote: "Akitolewa maji mgongoni, hatoki mzima." Akaniuliza, "Wewe nesi, unasemaje?"

Nilikaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Kwa sababu mara ya mwisho niliyoulizwa swali la namna hiyo kwa simu nilijibu haraka, na nilijibu vibaya.

Mwaka 2018 baba yangu mdogo aliugua. Wengi wenu mnamkumbuka, yule aliyekuwa akikaribisha watu kwa sauti mpaka wanasikia barabarani. Ilianza kama kichomi upande wa kulia. Homa za jioni, jasho usiku, suruali zikaanza kumpwaya. Kikohozi kidogo tu, kikavu. Akaenda hospitali, wakampiga picha ya kifua, wakakuta maji yamejaa upande mmoja. Wakamtoa lita moja na nusu. Alipata nafuu siku ile ile, akala ndizi na nyama, watu wakafurahi. Wiki tatu baadaye maji yakarudi, akatolewa tena.

Binamu yangu aliyekuwa akimuuguza alinipigia usiku nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nina sahani mkononi. Nikamuuliza, "Makohozi wamepima?" Akasema wamepima, hayana kitu. Nikamwambia, "Basi si TB, mshukuruni Mungu." Nikarudi wodini. Dakika mbili nzima, nadhani hata hazikufika.

Sikuuliza yale maji yalikwenda wapi. Binamu aliniambia baadaye, baada ya mazishi, kwamba yalimwagwa. Yote. Mara zote mbili. Aliona kwa macho yake ndoo ikipelekwa kumwagwa. Hakuna kichupa hata kimoja kilichokwenda maabara.

Baba mdogo alifariki Desemba ile. Na yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nisilale vizuri miaka yote hii. Msibani maneno yakaanza. Mtu aliyekuwa na nguvu zake, kifua kijae maji kama debe, hospitali wapime waseme hawaoni kitu? "Hawaoni kitu" kwetu kuna maana moja tu. Vidole vikaenda kwa shangazi yetu mkubwa, mjane, anayekaa peke yake, ambaye kosa lake ni kwamba alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na marehemu. Kabla ya arobaini migomba yake ilikatwa usiku. Leo anaishi kwa binti yake mjini, na wapo kati yenu mnaosoma hapa ambao hamjamwamkia tangu siku ile.

Mimi sisemi kwamba baba mdogo alikufa kwa TB. Dalili zake zilifanana nayo sana, lakini maji kifuani yanaweza kuletwa na saratani, na moyo, na nimonia, na mengine. Ndiyo hoja yangu yenyewe. Yule shahidi aliyeweza kusema ukweli alimwagwa kwenye mfereji mara mbili, na pale shahidi alipokosekana tukajaza maneno yetu.

Sasa naomba niwaeleze kazi yangu kidogo, maana wengi mnadhani TB ni kikohozi basi.

TB, au kifua kikuu, haikai mapafuni peke yake. Inaweza kukaa kwenye utando unaozunguka mapafu, kwenye tezi za shingo, kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, tumboni, kwenye mfuko unaozunguka moyo, kwenye mifupa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya wagonjwa walioripotiwa duniani mwaka 2019, asilimia 16 walikuwa na TB ya nje ya mapafu. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila sita. Mtu wa namna hii anaweza asikohoe hata kidogo. Na akikohoa, makohozi yake yanaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu ugonjwa hauko kule makohozi yanakotoka. Kumpima makohozi mtu mwenye TB ya utando wa mapafu na kumwambia hana TB ni sawa na kumtafuta mwizi sebuleni wakati yuko stoo.

Mtasema, basi wapime hayo maji. Ndiyo, lakini hapo napo pana kona. Maji ya kifuani hayana vimelea vingi. Sehemu kubwa ya maji yale ni hasira ya mwili wenyewe ukipambana na vimelea vichache vilivyoingia kwenye utando. Kwa hiyo ukiyaweka chini ya hadubini, mara nyingi sana huoni kitu. Hata GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya TB na kujibu chini ya saa mbili, kwenye maji ya kifuani huwakosa wagonjwa wengi. Inawanasa chini ya nusu. Kuotesha vimelea maabara kunasaidia zaidi, lakini kunaweza kuchukua wiki sita au zaidi.

Ndiyo maana huku daktari akitoa maji kifuani anaandika pia kipimo kinachoitwa ADA. Hiki ni kimeng'enya ambacho huwa kingi pale askari fulani wa mwili, wale chembechembe nyeupe wanaoitwa limfosaiti, wanapokuwa wameamshwa. Nitawapa mfano wa kwetu. Ukipita kijijini usiku ukakuta wanaume wamejaa uani kwa mtu wameshika marungu na tochi, mwizi hujamwona, lakini unajua amepita hapa. ADA inahesabu marungu. Kwenye nchi zenye TB nyingi kama Afrika Kusini na kama kwetu, ADA ikizidi 40 kwa lita, na chembechembe zilizo nyingi kwenye maji hayo zikiwa ni limfosaiti, daktari ana sababu nzuri ya kuanza dawa za TB hata kama GeneXpert imesema hasi. Si ushahidi wa kumfunga mtu maisha, maana usaha wa bakteria wengine na saratani ya tezi navyo huweza kuipandisha. Ndiyo maana husomwa pamoja na protini, aina ya chembechembe, picha na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Nilijuaje haya? Niliyasoma Muhimbili, nikayafanyia mtihani nikafaulu. Lakini kuna kujua darasani na kujua mkononi. Miezi michache baada ya msiba niliingia zamu, akaja mgonjwa mwenye hadithi ya baba mdogo neno kwa neno. Daktari kijana akamtoa maji, kisha akageuka akaniuliza, "Sista, vichupa viko vingapi?" Vilikuwa vinne. Cha chembechembe, cha protini na ADA, cha GeneXpert, cha kuotesha. Kila kimoja na lebo na fomu yake. Majibu yalipokuja, makohozi yalikuwa hasi, GeneXpert ya maji hasi, ADA juu sana, limfosaiti tele. Akaanzishwa dawa. Baada ya wiki mbili homa ilikuwa imekatika na alikuwa akilalamikia chakula cha hospitali, na sisi wauguzi tunajua mgonjwa akianza kulalamikia chakula amepona nusu. Siku ile nilikwenda chumba cha kuoshea vyombo nikalia peke yangu. Vichupa vinne tu.

Msidhani nawasifia hawa wa huku. Huku kuna foleni, kuna vichupa vinavyopotea, kuna fomu zisizojazwa, kuna wauguzi wakali kuliko mimi. Lakini mji huu umejifunza jambo moja kwa uchungu. Ukisimama sehemu za juu za Turffontein unaviona vilima vya rangi ya mchanga wa njano. Si vilima vya Mungu, ni udongo uliotolewa migodini ukarundikwa. Upepo wa Agosti ukivuma vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Babu yangu mzaa baba alikuja kufanya kazi kwenye migodi hii miaka ya 1950, ameandikishwa na Wenela kama vijana wengi wa Rungwe wakati ule. Alirudi na baiskeli, koti zito, na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka anaingia kaburini. Nacho kilisemwa kuwa ni husuda ya ile baiskeli.

Vumbi la mawe ya dhahabu huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na TB kirahisi. Wachimbaji walikuwa wakifa kwa wingi kwa magonjwa ya kifua, na mwaka 1912 taasisi ya utafiti wa tiba ilianzishwa hapa Johannesburg, sehemu kubwa kwa ajili ya hilo. Mpaka leo sheria ya Afrika Kusini inaruhusu kwamba mchimbaji akifariki, familia ikikubali, mapafu na moyo wake hupelekwa maabara Johannesburg vikachunguzwe, ili ikionekana ni ugonjwa wa mgodini familia ilipwe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya hapa iliidhinisha makubaliano ya fidia ya mabilioni ya randi kwa wachimbaji wenye ugonjwa wa vumbi au TB na familia zao. Fikirini hilo. Hapa hata mapafu ya marehemu yanaulizwa. Sisi tunamwaga maji ya mtu aliye hai.

Turudi kwa mtoto wa Mbeya na sindano ya mgongo, maana hofu hii inaua watu wetu na lazima tuizungumze bila aibu.

Kwanza, sindano ile haichomi uti wa mgongo. Uti wenyewe kwa mtu mzima unaishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya pale unapoishia, mahali ambapo pana maji na nyuzi za neva zinazoelea tu. Ndiyo maana daktari anahesabu mifupa kwa vidole kabla ya kuchoma. Pili, maji hayaishi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku, na yanayochukuliwa kwa kipimo ni kama vijiko viwili vya chai. Yanarudi ndani ya saa moja hivi. Kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, hilo ni kweli na sitawaficha. Na yako mazingira ambayo daktari hatakiwi kuchoma kwanza, kwa mfano akiona dalili za uvimbe ndani ya kichwa, ndiyo maana anamkagua mgonjwa kabla.

Kwa nini basi tunaona wengi "waliotolewa maji" wanakufa? Kwa sababu tunawapeleka wakiwa wameshachelewa, tunakaa vikao siku tatu, tunakubali siku ya nne akiwa hajitambui, anakufa siku ya tano, halafu tunailaumu sindano. TB ya utando wa ubongo isipotibiwa huua karibu kila inayempata. Aliyeanza dawa akiwa bado anazungumza ana nafasi nzuri kuliko aliyeanza akiwa amezimia. Kila kikao tunachokaa kinakula nafasi hiyo.

Na hapa pia neno "hasi" si mwisho wa habari. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani lilielekeza GeneXpert itumike kama kipimo cha kwanza kwa maji ya mgongo panapohisiwa TB, na toleo jipya liitwalo Ultra ni zuri zaidi kunasa vimelea vichache. Lakini hata hilo halikamati wote. Sukari ikiwa chini, protini juu na limfosaiti nyingi, daktari mzuri haachi kutibu kwa sababu mashine imesema haijaona. Tena maji yakiwa mengi kidogo kwenye kichupa, nafasi ya kuviona vimelea inaongezeka. Kwa hiyo daktari akisema anataka mililita 6 au 10, msimwambie "chukua tone moja tu, Dokta."

Haya si ya kifuani na mgongoni peke yake. Maji ya tumboni yanapimwa, na ADA inasaidia hata huko. Tezi ya shingoni inachomwa sindano nyembamba, na huko GeneXpert hufanya kazi vizuri kuliko kwenye maji ya kifuani. Maji ya kwenye mfuko wa moyo, yakiweza kutolewa kwa usalama, nayo ni shahidi. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018, aliongoza utafiti wa ugonjwa huo uliohusisha wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika.

Na kuna mkojo. Kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi aliyezidiwa, kipo kipimo cha karatasi kinachoitwa LAM. Unadondosha mkojo, unasubiri dakika 25, unasoma mistari kama kipimo cha mimba. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali 10 za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wa ukimwi waliolazwa na kuhisiwa TB, waliopimwa LAM pamoja na vipimo vingine walikufa asilimia 21 ndani ya wiki nane, na ambao hawakupimwa LAM asilimia 25. Ni watu wanne katika kila mia. Kwa kikombe cha mkojo! Kwa hiyo ndugu akiwa na virusi na amezidiwa, msifiche hali yake kwa daktari ili "kutunza heshima". Mkificha mnamnyima na kipimo hiki.

Najua wauguzi wenzangu wa nyumbani watanirukia. "Wewe uko Sauzi kwenye vifaa, huku glovu zenyewe za shida." Nakubali, na ninawaheshimu, nimefanya kazi huko na najua wodi ya wagonjwa 60 na wauguzi wawili usiku. ADA haipimwi kila hospitali ya wilaya. Lakini GeneXpert ziko hospitali nyingi za kwetu sasa, ni mashine zile zile ninazoziona huku. Hadubini ziko. Kupima protini na sukari kunawezekana sehemu nyingi. Na kichupa kinaweza kusafiri kwenda hospitali ya mkoa hata pale mgonjwa hawezi. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kusema, "Haya maji yasimwagwe kwanza." Huyo mtu anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa nesi, na mwaka 2018 alipaswa kuwa mimi.

Anaweza pia kuwa wewe unayemuuguza. Kwetu tumefundishwa kwamba kumuuliza daktari ni utovu wa adabu, na sisi manesi tumewazoesha hivyo kwa kuwajibu kwa ukali. Naomba radhi kwa niaba yangu. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni. "Samahani Dokta, haya maji yanakwenda maabara? Yanapimwa nini? Majibu tufuate lini, na kwa nani?" Na likija jibu la hasi, swali moja zaidi: "Kwa hiyo tunafikiri ni nini, na tunafanya nini sasa?" Andikeni majina ya vipimo kwenye daftari. Ukiweza, ukiruhusiwa, peleka kichupa maabara kwa miguu yako mwenyewe.

Wapo watakaosema, si waanze tu dawa za TB bila kuhangaika na maji? Wakati mwingine madaktari hufanya hivyo na wanakuwa sahihi, hasa mgonjwa akiwa mahututi. Lakini maji yakipimwa yanaweza kusema ni saratani, ukaacha kupoteza miezi. GeneXpert ikivinasa vimelea inasema pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya TB. Na ikiwa ni TB kweli, habari ni nzuri kuliko mnavyodhani. Dawa zake hospitali za serikali, kwetu na huku, ni za bure. Ya utando wa mapafu kwa kawaida ni miezi 6, ya ubongo miezi 9 hadi 12. Na TB iliyo nje ya mapafu peke yake kwa kawaida haiambukizi wengine, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea ndugu yenu kikombe na sahani.

Nilimwambia rafiki yangu yote haya kwa simu, safari hii bila sahani mkononi. Nikaomba niongee na babu wa mtoto. Nilimwamkia, nikamsikiliza kwanza, alikuwa na ya kusema; aliwahi kumzika mdogo wake baada ya sindano ile ile. Sikumbishia. Nilimuuliza tu, "Babu, mdogo wako alilala siku ngapi kabla hamjakubali?" Akanyamaza muda mrefu. Asubuhi yake walitia saini. Majibu ni ya mtoto na wazazi wake, sitayaweka hapa. Yuko kwenye dawa, na anaomba uji. Tuendelee kumwombea.

Shangazi, kama kuna mjukuu anakusomea haya, shikamoo. Mimi sina kichupa cha kukusafisha nacho, kilimwagwa. Lakini nataka wote waliokuwa msibani wasome hapa kwa jina langu: kifua cha baba mdogo kilijaa maji kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa haukujulikana kwa sababu haukupimwa, na mimi niliyesomeshwa na ukoo huu niliulizwa nikajibu ovyo. Kama kuna wa kukatiwa migomba, ningeanza mimi. Desemba nikipata likizo nakuja Tukuyu, na wa kwanza kumwamkia ni wewe. Anayetaka kuja nami anijulishe.

Nawasilisha. Na mvae masweta, naskia na huko baridi imepiga hodi.